Dodoso la Bi Zamda

Winifrida Komba alizaliwa Umatengo, kwenye baridi na kahawa, akaletwa Kibiti na barua ya serikali mwaka 1985, nesi kijana mwenye sanduku moja la bati na hakika ya kukaa miaka miwili tu. Akakaa. Joto likamzoea, watu wakamzoea, na hata mafuriko ya mwaka wa tisini na nane yalipokauka, alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa barabara ile. Hakuna aliyemwita mtu wa bara tena ila kwa utani. Akikuahidi jambo, wewe lala usingizi. Nalisema hilo mapema ili ijulikane alinyang'anywa nini.

Mwaka huohuo wa mafuriko akaja Dakta Gasper na mradi. Ndio wakati wagonjwa walipoanza kuambiwa wachangie gharama, na kila gari jipya lililosimama mbele ya kituo cha afya lilikuwa la mradi fulani. Huu wa Gasper ulitaka kuwafundisha waganga, manesi na watafiti namna ya kupima maisha ya mgonjwa wa kansa yakoje: analala, anakula, anaumwa kiasi gani, nyumbani anaishije. Lilikuwapo dodoso la maswali thelathini, na kila jibu lina namba yake, moja mpaka nne. Moja ni "hapana kabisa", nne ni "sana".

"Na tukishajua?" Winifrida akauliza.

"Tukishajua, Sista, dawa zitakuja. Wakubwa hawaoni machozi, wanaona takwimu."

Akamwamini. Mtu msomi, ana miwani, kwa nini asimwamini?

Mwezi wa kwanza kazi iliharibika. Watu wa delta, huku mto unakoingia baharini, hawaulizwi hali wakajibu mbaya. Mtu kidonda kimeoza, ukimuuliza hali atakwambia njema, alhamdulillahi, kwa sababu kulalamika ni kumshitaki Mungu kwa waja wake. Madodoso yakarudi yamejaa moja, moja, moja. Ukiyasoma ungedhani kansa inanenepesha. Gasper akawafokea manesi kana kwamba wao ndio waliofundisha watu adabu.

Winifrida akaiweka karatasi pembeni. Siku hiyo alikuwa na Bi Zamda, mke wa Dadi, mkata boriti za mikoko wa visiwa vya delta. Kansa ya shingo ya kizazi ilikuwa imemla hata hospitali kubwa walimwambia arudi nyumbani, naye alipitia kituoni kubadilishiwa vitambaa.

"Bi Zamda, siku hizi unaswali umesimama au umekaa?"

Zamda alimtazama Mkristo huyu aliyeuliza swali la nyumbani.

"Nilikuwa nasimama. Toka mfungo sita, mwezi wa Maulidi, nikawa nakaa. Sasa nesi, naswali nimelala, naashiria kwa macho tu."

"Na maji anakuchotea nani?"

Basi, mlango ukafunguka. Maji anachotewa na mke mwenziwe. Usiku anauma shuka asiamshe watu. Na Dadi, mwanamume aliyempenda miaka ishirini, haingii tena chumbani kwake, kwa ajili ya harufu. Hilo la mwisho alilisema ameuziba uso kwa kanga, na Winifrida naye akalia.

"Haya yatabaki humu?" Zamda akauliza.

"Yatabaki kwangu na kwa daktari. Na dawa ya kweli ya maumivu utaletewa, Bi Zamda. Si hizi Panadol." Ndipo wakalijaza dodoso pamoja, Winifrida akimweleza moja ni nini na nne ni nini, na maneno yake akayaandika pembezoni.

Gasper alipoliona dodoso lile alishangilia. "Sista, wewe ndiye mwalimu!" Maswali ya Winifrida yakanakiliwa, na Gasper akaliomba dodoso lenyewe liwe mfano kwenye semina; jina angelificha. Winifrida akatoa. Sitamtetea hapa: alivikwa kilemba cha ukoka, naye akanyoosha shingo kikae vizuri.

Semina ilifanyika Kibiti, ukumbini. Watu arobaini, wengine wa Umwe, wengine wa Mbwara, wengine wa visiwani. Gasper akawasha mashine ya kumulika ukutani, na dodoso likatokea, kubwa kama shuka. Jina lilikuwa limebandikwa utepe mweusi. Lakini kijiji kilikuwapo. Umri ulikuwapo. Mke wa mkata boriti, uke wenza, mume haingii chumbani, harufu. Vyote kwa mwandiko wa Winifrida.

Abubakary, tabibu wa zahanati ya kijiji kilekile, akampiga mwenzake paja. "Si mke wa Dadi huyu!" Watu wakacheka.

Winifrida akasimama. "Dakta, zima hiyo."

"Maswali baadaye, Sista."

Wakati wa chai alimfuata. Akaona afadhali aulize la dawa, angalau hilo lipone. Gasper alikuwa na sambusa mkononi.

"Dawa? Sista, mradi wetu ni wa mafunzo. Sisi tunafundisha kupima, hatutibu."

"Uliniambia zitakuja. Mimi nikamwambia mgonjwa."

"Nilisema takwimu zitasaidia, huko mbele ya safari." Akamalizia sambusa yake. Mungu anisamehe, natamani ingalimkaba.

Wiki tatu baadaye Winifrida alipanda boti Nyamisati, na vidonge vichache alivyowaombaomba wenzake. Chumba cha Zamda kilikuwa kizito kwa moshi. Kwenye kirago zilipangwa paketi za udi na vichupa vya marashi, labda kumi na tano.

"Wananijulia hali," Zamda akasema. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu. "Kila mwanamke wa kijiji amekuja, na kila mmoja kaleta cha kufukizia. Hawakusema kitu. Watu wema. Dadi alisimama hapo mlangoni akaniuliza, 'Umenitangaza?' Hajarudi."

"Bi Zamda, mimi sikujua kama..."

"Zamani nilikuwa na maumivu na sitara yangu. Sitara umeichukua. Maumivu umeniachia."

Winifrida akaweka vidonge kando ya kitanda. Akapiga magoti sakafuni, akaomba radhi, na Zamda akamwacha aombe mpaka maneno yakamwishia.

"Nesi, yale maswali yako yalikuwa mangapi?"

"Thelathini."

"Katika thelathini, liko lililouliza kama nakuamini?"

"Halimo, Bi Zamda."

"Siku ile ningekwambia nne," akasema Zamda, akageukia ukutani.