Mhojiwa wa Kila Tasnifu

Shangazi yangu hakumaliza shule ya msingi, lakini yumo kwenye tasnifu kumi na saba. Hizo ni zile ninazozijua mimi. Humo ndani hana jina; ni "mhojiwa namba nne", au "fundi cherehani, mwanamke, miaka hamsini na nane". Hilo halimsumbui. Ukimuuliza anafanya kazi gani, atakwambia anashona, halafu ataongeza, kwa sauti ya mtu asiyependa makuu, kwamba na chuo pia anakisaidia.

Chanzo ni geti. Chumba chetu cha kushonea kinatazamana na geti la nyuma la chuo kikuu, na mwanafunzi akishaambiwa na msimamizi wake akatafute watu thelathini wa kuhoji, hahangaiki kwenda mbali. Anavuka barabara. Anamkuta shangazi nyuma ya cherehani, mcheshi, hana pa kwenda, na kiti cha wateja kiko wazi. Keshapata wa kwanza.

Alianza binti wa mambo ya lishe, aliyetaka kujua tulikula nini siku saba zilizopita. Akaja wa udongo, akatuchimbia uani mashimo matatu na hakuyafukia. Akaja wa isimu na kinasa sauti, akamrekodi shangazi akigombana na wateja juu ya mikono ya blauzi, akasema hajawahi kupata data nzuri kama ile. Wa uhandisi alipima kelele za cherehani. Wa historia aliuliza barabara ilikuwaje kabla ya lami. Wa saikolojia aliuliza kama huwa ana huzuni, kwa kipimo cha moja hadi tano, na shangazi akamjibu, "Wewe mwanangu ungependa ngapi?"

Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira. Shangazi hajibu maswali, anawafurahisha watoto wa watu! Yule wa lishe aliambiwa tunakula matunda kila siku. Matunda gani, jamani? Wa maji aliambiwa tunachemsha kila tone. Nikimfuata kumwambia, "Shangazi, huo si uongo?" ananikata hapo hapo: "Uongo gani? Mtoto ametoka kwao huko, ana mtihani, unataka afeli kwa sababu yangu?" Basi namwacha. Mdomo ninao, mtaa mzima unajua, lakini huyu ndiye aliyenilea tangu baba yangu, kaka yake, alipofariki, na kila mshono ninaoujua umetoka mkononi mwake. Siwezi kumbishia zaidi ya mara mbili kwa siku.

Mwaka huu akaja binti wa macho. Alikuwa anasomea mambo ya kuona, na tasnifu yake ilihusu mafundi cherehani arobaini wa mitaa ya karibu na chuo: wanaona vizuri kiasi gani baada ya miaka yote ya kufukuzana na uzi. Mpole, anaomba samahani hata akikanyaga kivuli chako. Alibeba ubao mweupe wenye alama moja tu iliyorudiwa rudiwa, kama kitana cha meno matatu, mara meno yameelekea juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto. Mstari wa kwanza vitana vikubwa, wa mwisho vidogo kama punje za mtama. Unakaa mbali kidogo, unaziba jicho moja, unasema meno yameelekea wapi.

Kwa kuwa hajawahi kupima mtu mzima mbele za watu, aliomba ajizoeze kwanza kwa shangazi. Wiki mbili nzima, kila alasiri, ubao ukaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya kupigia pasi. Shangazi alifurahi kama amepandishwa cheo. Akawa anakanyaga cherehani huku anaimba, "Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu," na mimi nikawa namtania, namwita Profesa. Nilicheka sana wiki zile. Sasa nikikumbuka sioni nilichekea nini.

Maana mengine nilikuwa nayaona. Tunakaa hatua mbili tu, cherehani yake na yangu. Niliona haielekezi tena sindano dirishani. Anailowanisha ncha ya uzi kwa ulimi na kulitafuta tundu kwa ukucha. Niliona anakipiga kumbo kikopo cha pini, kila mara kikiwa kushotoni kwake. Na pindo zake zilianza kwenda mrama. Akitoka kununua vifungo, mimi nafumua na kushona upya, huku nanung'unika peke yangu kwamba shangazi siku hizi kazi anailipua, na mimi ndiye punda wa kufanya kila kitu mara mbili. Nilikasirika. Hicho ndicho nilichofanya, nilikasirika.

Siku ya kipimo chenyewe ikafika. Binti wa macho alikuja asubuhi na koti jeupe lililopigwa pasi na daftari jipya. Kwenye orodha shangazi alikuwa namba moja. Akatia sahihi fomu ya kukubali, akakaa, akaziba jicho la kulia, akasubiri.

"Mstari wa kwanza, shangazi," binti alisema.

Shangazi akaanza. Akamaliza wa kwanza, akaingia wa pili, wa tatu, hakusubiri kuonyeshwa, akashuka hadi punje za mtama bila kuvuta pumzi, uso umeelekea kidogo pembeni mwa ubao. Si kwenye ubao. Pembeni.

"Jicho zima kabisa!" binti alisema, akainamia daftari kuandika.

Sijui niseme kitu gani kilinipanda. Niliusukuma mkasi, nikaenda nikauchomoa ubao msumarini, nikaugeuza kichwa chini miguu juu, vitana vidogo vikawa juu na vikubwa chini. Nikauning'iniza tena.

"Haya, Profesa. Soma sasa."

"Juu, kulia, kulia, chini, kushoto, juu," shangazi alisema.

Nje mtu alikuwa anapiga honi. Shangazi alingoja tumsifu, na tulipokaa kimya alielewa kwamba amekamatwa, akanigeukia mimi. "Umefanya nini? Umemharibia mtoto kazi yake!"

"Mimi? Shangazi, huoni!"

"Naona vya kutosha. Hebu urudishe ulivyokuwa." Halafu akamgeukia binti, sauti imelegea. "Usijali, mwanangu. Wenzangu hawatakuangusha. Nimeshawafundisha wanane."

Wanane! Alikuwa amepita duka kwa duka, amewakaririsha mafundi wenzake mistari yote, ili binti asije akaaibika mbele ya msimamizi wake. Nilicheka, Mungu nisamehe, nilicheka machozi yakanitoka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba silii tena kwa kucheka.

Nilidhani yule binti naye ataangua kilio, maana tasnifu yake ilikuwa imekwenda na maji. Hakulia. Alivua koti, akavuta kiti akakaa upande wa kushoto wa shangazi, akamziba tena jicho la kulia kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili. "Shangazi, vidole vyangu ni vingapi?"

"Unataka viwe vingapi?"

"Nataka unavyoviona."

"Naona kuna mtu hapo," shangazi alisema. "Vidole sivioni."

"Basi nakutoa kwenye utafiti," binti alisema. "Twende kliniki ya chuo sasa hivi."

Hapo ndipo shangazi alipolia. Si kwa ajili ya jicho; alilia kwa kutolewa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtoa. Nilimshika mkono wa kushoto, tukavuka barabara, tukaingia kwa geti ambalo miaka yote hiyo alikuwa analitazama tu.

Kliniki tulikaa kwenye benchi. Binti alimpigia simu msimamizi wake, akasikiliza, akasema "ndiyo, mwalimu" mara sita, kisha akatuambia ataanza upya, kwa ubao mwingine, mafundi wote. Alisema bila kinyongo. Nilimwomba radhi, naye akasema ningechelewa siku moja tu angeandika kwamba mafundi wa mtaa ule hawana shida yoyote, na hakuna ambaye angerudi tena kuwapima.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya haraka. Alimwekesha shangazi kidevu kwenye mashine, akammulika, akampulizia hewa jichoni hadi shangazi akaruka. Kisha akatueleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, halitarudi, hata kwa upasuaji. La kulia limeanza kuliwa pembeni, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote, bila kuruka. Tungengoja mwaka mmoja zaidi, angekuwa anatuambia habari nyingine.

"Ataweza kushona?" niliuliza.

"Akitumia dawa, ataweza."

Daktari alivuta faili, akaanza kumuuliza shangazi maswali. Nilijiandaa kumkatiza, maana namjua. Lakini safari hii shangazi hakumuuliza daktari angependa jibu gani. Alikaa wima, mikono mapajani.

"Ulianza lini kutoona kwa jicho hili?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mvua."

Mwaka juzi. Nilihesabu moyoni pindo zote nilizofumua.

"Miaka miwili!" daktari alisema, na kalamu ikasimama. "Mbona hukusema? Unaishi na nani?"

"Naishi na huyu, mwanangu." Alinielekea mimi, kwa jicho lililobaki.

"Na hukumwambia?"

"Hakuniuliza," shangazi alisema, kwa upole ule ule anaowajibia wanafunzi.

Daktari akaandika.