Moto wa Zizini

Wenzangu mliokulia malishoni, huko nje ya Bunia kwenye njia ya Djugu, hamhitaji kuambiwa jinsi jioni zetu zilivyonukia: moshi wa samadi kavu, majani yaliyokanyagwa, maziwa ya mgando kibuyuni. Nikiwasimulia watoto wa leo pale Bigo, mtaani mjini Bunia, wanabana pua. Wanadhani maziwa huzaliwa ndani ya pakiti, na ng'ombe akipita barabarani wanatoa simu wampige picha!

Sisi tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukaibiana na kupigana kwa ajili yao. Kondoo tuliwapanda mgongoni kama baiskeli hadi mama apige kelele: “Weye mutoto! Ile kondoo haiko velo!”

Moto, lakini, ulikuwa kazi ya baba peke yake. Katikati ya zizi samadi iliwaka polepole kutwa kucha, haikuachwa kuzimika kamwe. Moshi wake ulifukuza nzi, na jioni ng'ombe wakiuona walirudi wenyewe, kondoo wakiwafuata. Boma lililozimikiwa na moto lilihesabiwa halina mifugo tena. Baba aliona aibu hata kulifikiria jambo hilo.

Vita vilipotukaribia, asubuhi moja aliwapeleka wanyama wote mbali bondeni, wajifiche kwenye majani marefu. Kisha akarudi kutuchukua tukimbilie mjini. Mama alikuwa tayari na mzigo kichwani. Baba akapita zizini, akainama, akauongezea moto samadi kama kila siku. Hata mama hakuona kosa. Kwetu ilikuwa kama kufunga mlango.

Jirani aliyechelewa kutoka ndiye aliyetueleza, tulipokutana Bunia. Jioni ile ng'ombe waliuona moshi, wakarudi wote, na kondoo nyuma yao. Wenye bunduki walikuwa wamekaa zizini, wanaota moto.

Mama alimwambia baba kwamba vita ndivyo vilivyowachukua, si yeye.

Leo vilima vile vina majani mazuri kuliko zamani, na hakuna wa kuyala. Inaniuma kila nipitapo. Nilipoanza kazi nilimletea baba ndama jike mwekundu, rangi aliyoipenda. Ndama akamlamba mkono, akawa anamfuata uani kila anapogeuka. Nikacheka kwa furaha. Baba akamshika masikio, akaniambia:

“Umurudishe, mutoto yangu. Huyu naye ameanza kuniamini.”