Uji wa Maca na Damu Isiyokatika

Shikamooni mama zangu. Na ninyi wenzangu, poleni na mavuno. Mnaonijua mnaijua sauti yangu. Nikiwa juu ya dungu kule Michenga nafukuza ndege kwenye mpunga, hata wa ng'ambo ya mto walikuwa wananisikia. Ngazi ya dungu nilikuwa napanda na ndoo ya maji mkononi, huku naimba.

Kilichoniuma ni mtoto. Miaka ilipita, mimi na mume wangu Kasiani tuko wawili tu. Mama mkwe ananipenda, sitamsema vibaya. Akaniletea kopo la unga wa mzizi unaoitwa maca. "Mwanangu, huu unasafisha kizazi. Wenzio wamezaa." Nikawa nakoroga kwenye uji kila asubuhi. Ulikuwa mtamu, tena unashibisha. Nikauamini.

Basi hedhi ikawa nzito, halafu ikawa haikatiki. Yanatoka mabonge. Nilichana khanga kuukuu, nikawa nafua mtoni kabla watu hawajaamka. Mama mkwe akasema ni uchafu unatoka, dawa inafanya kazi. Nami nikaona hivyohivyo, tukaongeza kijiko. Nikaanza kutamani udongo kama mjamzito. Moyo unadunda, masikio yanavuma.

Siku moja nikakwama katikati ya ngazi ya dungu. Kupanda siwezi, kushuka siwezi, damu inachuruzika miguuni, na ndege wanakula mpunga wangu nawaangalia tu. Nikataka kuwapigia kelele, sauti haikutoka. Hapo ndipo nilipoogopa kufa.

Kasiani akanishusha, tukapanda bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma kanishikilia, mpaka hospitali Ifakara. Daktari, mama wa makamo, akanifunua kope, akatazama viganja. "Mama, umeishiwa damu. Ulikuwa unatumia nini?" Nikamwonyesha kopo. Wakanipima tumbo kwa utrasaundi, kisha akakaa karibu yangu. "Maca ni chakula. Huko milimani Amerika ya Kusini inakotoka wanaipika kama sisi tunavyopika viazi, na wanaisifia kwa nguvu na uzazi. Lakini wewe una uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe hauyeyuki kwa uji."

Kasiani na shemeji wakatoa damu, nikaongezewa, nikapasuliwa. Wakatoa uvimbe mkubwa kama chungwa, lakini kizazi kimebaki. Mshono uliuma jamani, kucheka tu ilikuwa adhabu, na mimi napenda kucheka.

Muda wote huo mama mkwe ndiye aliyekuwa kwenye dungu langu, na magoti yake yale mabovu. Alipofika wodini hakuweza kunitazama usoni. "Nisamehe. Nilitaka mjukuu, kidogo nikuzike." Nikalia, naye akalia. Akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. "Mjukuu akija, aje. Wewe umerudi, inatosha."

Namshukuru Mungu, nawashukuru waliotoa damu yao. Mtoto bado, lakini nipo, na ngazi napanda. Maca sijaisusa, nikiipata naikoroga kwenye uji.

Wanawake wananifuata. "Dada, ile maca inauzwa wapi?" Nami nawauliza kwanza, damu yako inakatika? Kama haikatiki, jifunge khanga twende hospitali, nitakusindikiza mwenyewe. Uji tutakunywa tukirudi.