Nzi wa Mapera

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, baba bado akiwaambia wageni kwamba tunaishi Arusha, mapera ya kijijini kwetu Tlawi yalipoanza kuoza mtini. Ukipasua moja, funza wanajikunja ndani kama wanasikia baridi yetu.

Bwana shamba, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alisema funza wote wanafanana. Kumtambua lazima umsubiri awe nzi, umtazame mgongo. Alitupa ndoo mbili za mchanga, moja yangu, moja ya binamu yangu wa Gendabi aliyekuwa akisoma kwetu. Tuweke mapera juu ya mchanga, tufunike kwa chandarua. Atakayepata nzi wanaotambulika atampakia kwenye pikipiki yake hadi Mbulu mjini, akatazame kwenye hadubini.

Niliitaka safari ile kuliko chakula. Binamu alikuwa tayari na kila kitu: sauti ya kwaya, meno meupe, na mama yangu, aliyemwita "mwanangu" kwa ulaini ambao mimi niliusikia nikiugua tu.

Nzi walitoka asubuhi moja katika ndoo zote mbili. Spiriti ya kuwaulia aliyotuachia bwana shamba ilikuwa chupa moja, nami nililala nayo.

"Dada, nigawie kidogo."

"Imeisha."

"Inacheza humo ndani, naisikia."

"Basi sikiliza."

Wangu niliwaua palepale, mabawa hayajanyooka vizuri. Yeye, akiwaonea huruma wa kwake, akawadondoshea asali juu ya chandarua.

Bwana shamba aliporudi tulimwamkia shikamoo, akainamia chupa yangu na kioo chake cha kukuzia.

"Hawa umewaua wachanga. Nzi akitoka huwa amepauka, rangi inakuja baadaye akiishi na kula. Siwezi kusema ni nani."

Kisha akafunua ndoo ya pili. Nzi wa binamu walikuwa wamenenepa, kila mmoja na michirizi miwili ya njano mgongoni, imenyooka kama imepigwa rula.

"Ndiye! Yule nzi mgeni tuliyeambiwa ameingia nchini. Binti, nani alikufundisha kuwatunza?"

"Hakuna, shikamoo," akajibu, amechanganyikiwa kwa furaha. "Nilikosa tu spiriti."

Wote wakacheka. Mama akacheka kuliko wote, halafu akanigeukia.

"Mvulie mwenzio sweta. Kwenye pikipiki kuna baridi."

Nilivua. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.