Geti la Buluu Karibu na Tangi la Reli

Baba yangu, Mzee Muiruri, hawezi kukuelekeza mahali popote Nakuru kwa kitu kilichopo. Atakuambia upinde kwa sinema, na sinema hiyo iligeuzwa kanisa kabla mimi sijaanza shule. Atakuambia uende mpaka kwa Muhindi wa vitambaa, na pale siku hizi wanauza simu. Jakaranda anayoitaja ilikatwa barabara ilipopanuliwa. Nakuru ilipofanywa jiji alikataa katakata. Kwake hii ni taoni, tena iliyokuwa safi kuliko zote Afrika Mashariki, na walioichafua ni sisi wenye haraka. Alifanya kazi ya reli, kwenye ishara za treni, na mtu aliyezoea kuamua treni ipite au isimame haambiliki.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumamosi ile wazee wa Kipkirui walikuwa wanakuja kuniposa.

Posa yenyewe ilikuwa imeshikiliwa na uzi. Kipkirui ni Mkalenjin wa Kuresoi, mimi Mkikuyu, na watu wetu walishafukuzana huko milimani miaka ambayo wazee hawapendi kuitaja. Baba yake mkubwa, Mzee Kemboi, ndiye aliyekuwa msemaji wao, na alikuwa amekubali kuja mara moja tu. Wakidharauliwa mlangoni, alisema, basi yamekwisha.

Mimi nilitaka kumtumia Kipkirui ramani kwa simu, kwa sababu hajawahi kufika kwetu. Baba haruhusu kijana aone geti lake kabla ya wazee. Akakataa na ramani pia. Wazee hawaletwi na simu, alisema, atamwelekeza mwenzake yeye mwenyewe. Ijumaa jioni akampigia Mzee Kemboi, nikawasikia wakicheka habari za viazi na mabehewa ya zamani, nami nikaenda kuponda mukimo, viazi na mahindi ya wageni, moyo umetulia. Laiti ningesimama pale nisikilize.

Walitakiwa wafike asubuhi. Shangazi zangu walijipanga getini na nyimbo zao mpaka sauti zikawakauka. Jua likapanda, mukimo ukapoa, hakuna mtu. Shangazi mmoja akaanza kusema kwamba alijua tu, watu wale hawajawahi kututaka. Nilimsihi Baba apige simu. Alikuwa ameketi na koti lake la harusi, kofia gotini, akaniambia mwenye msichana hatafuti wageni kwa simu. Nilitamani kupiga mayowe. Nikaenda nyuma ya jikoni nikilia kwa hasira, nikapiga mwenyewe.

Kipkirui alijibu kwa kunong'ona.

"Wangui, si mtufungulie? Tuko kwa gate yenu tangu asubuhi."

Nikachungulia nje. Barabarani palikuwa na mbuzi wa jirani tu.

"Gate gani?"

"Ile ya blue, hapa karibu na tangi ya reli. Mimi nilimwambia uncle nyinyi ni watu wa Lanet. Akaniambia mwenye boma ndiye anajua boma yake."

Geti la buluu ni la nyumba ya reli nilimozaliwa. Tuliihama tukaja huku Lanet Baba alipostaafu, mimi bado niko shule ya msingi. Alikuwa amemwelekeza Mzee Kemboi kwa sinema, kwa Muhindi, kwa jakaranda, na bahati mbaya amekutana na rika lake: Mzee Kemboi aliuza viazi Nakuru enzi hizo hizo, akafika moja kwa moja bila kuuliza mtu.

Nilimwingiza Baba garini na kuendesha bila kumsemesha. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nayapanga tu.

Tuliwakuta wameketi kwenye mawe chini ya ukuta, wazee wazima, suti zimejaa vumbi. Getini palikuwa na kufuli, kwani mpangaji alikuwa ameenda sokoni. Wao walikuwa wamesikia kwamba Wakikuyu huwafungia wakwe geti ili wawapime, basi wakakaa wapimwe. Hata soda hawakununua.

Mzee Kemboi hakuinuka. "Mmetupima vya kutosha," alisema. "Sasa fungueni, ama turudi Kuresoi."

Nilimtazama Baba. Ninamjua. Nilijua angeweza kusema kwamba aliyekosea njia ni msikilizaji, na hapo ndipo ndoa yangu ingeishia. Akavua kofia.

"Sio kupimwa," alisema. "Hii nyumba nilihama zamani. Uliponiuliza kwangu ni wapi, mdomo ukasema hapa."

Mzee Kemboi aliliangalia geti, akamwangalia Baba, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu.

"Hii ni nyumba ya serikali tu, na bado hujatoka," alisema polepole. "Na huyu msichana tukimchukua, itakuwaje?"

Baba alilishika lile kufuli akalivuta kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila jioni nilipokuwa mdogo. Halafu akamwinua Mzee Kemboi kwa mkono, akamfungulia mlango wa mbele wa gari, yeye akaketi nyuma.

Maneno yangu yote makali nilikuwa nayo bado. Nikawasha gari.

"Pinda kwa sinema," Baba akasema.

Nikapinda pale kanisani, bila kubishana.