Kura ya Baba

Neno la kwanza ambalo Baba alilitamka tangu apigwe na kiharusi lilikuwa "mwongo."

Na hakuniambia mimi wala daktari. Alimwambia kijana mmoja kwenye tivii, kifua wazi, kaptula ya pinki, analia bila machozi.

Msicheke kwanza. Nisikilizeni.

Baba yangu alikuwa hakimu. Mtu akisimama mbele yake na uongo wake alioupanga vizuri, Baba anamwacha aumwage wote mpaka mwisho, halafu anamuuliza kaswali kamoja tu kadogo, na yule mtu anaanza kutokwa jasho. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mimi na kaka yangu tulijifunza kukiri mapema ili kuokoa muda.

Kiharusi kikaja kikachukua mkono wake wa kulia na maneno yote. Mkono ulianza kurudi kidogo kidogo. Maneno yakagoma.

Mama alishatangulia zamani. Kaka ni mhandisi, ana familia yake mji mwingine, na simu yake haipumziki. Basi nikafunga begi mimi. Dukani nikaomba ruhusa. Kazi yangu ni kukata lenzi na kuzipachika kwenye fremu za miwani, na bosi wangu ni mwelewa. Mume wangu nikamwambia, "Naenda wiki mbili tu. Baba akikaa sawa, narudi."

Wiki mbili zikawa miezi.

Mume wangu ni fundi wa friji. Alikuwa anapiga simu kila jioni, na maongezi yetu yalikuwa haya haya.

"Mzee anaendeleaje?"

"Yupo yupo tu."

"Unarudi lini?"

"Nitakwambia."

"Haya."

Simu ikikatwa naanza kuzunguka. Yaani sikuweza kutulia. Nafuta meza niliyoifuta sasa hivi. Naenda dirishani, narudi. Nafungua kabati la vyombo, nasahau nimefuata nini, nalifunga. Nikawa najiambia ni wasiwasi wa Baba.

Asubuhi nilikuwa namfanyia kila kitu. Namfunga vifungo, namlisha, namchana nywele. Halafu nakaa mbele yake na maswali yangu. "Baba, unajisikiaje? Baba, unaumwa wapi? Baba, mimi nani?" Ananitazama kwa macho yale yale ya mahakamani, mdomo kaufunga.

Mchana akishakula namweka kwenye kiti chake sebuleni. Hapo ndipo nilipokuwa nafanya dhambi yangu.

Nilikuwa naangalia Jumba.

Mnakijua kipindi chenyewe, msijifanye. Vijana wamefungiwa nyumba moja, wanapendana Jumatatu, wanatukanana Jumatano, kamera zimejaa mpaka juu ya jokofu. Kila wiki kila mmoja anaingia chumba cha peke yake, anakaa kwenye kiti chekundu na kusema, "Ninayemtoa ni fulani, kwa sababu hivi na hivi." Mwenye kura nyingi anabeba sanduku lake, anakwenda zake.

Kazini wenzangu wakikijadili, mimi nilikuwa nabinua mdomo. "Upuuzi mtupu ule, mnapata wapi muda?" Kumbe nilikuwa najua nani kanywa maziwa ya nani. Nilikuwa najua dada wa kucha ndefu anaongea usingizini, na najua analitaja jina la nani.

Kwa Baba nilijiona salama. Daktari alishasema huenda haelewi kila kitu. Basi napunguza sauti, nakaa kwenye zulia karibu na miguu yake, naangalia marudio ya alasiri kama mtoto anayelamba sukari jikoni.

Siku hiyo Kaptula ya Pinki alikuwa anamwapia Kucha Ndefu. "Sijawahi kumwambia mtu mwingine neno hili. Haki ya nani, wewe ndiye wa kwanza."

"Mwongo."

Niligeuka mlangoni nikidhani mtu kaingia. Mlango umefungwa. Nikamwangalia Baba. Kanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye tivii.

"Mwongo... huyo."

Nilimrukia. Nilimkumbatia magoti nikalia mpaka kamasi. "Baba! Umesema! Sema tena! Nitaje mimi jina langu!"

Akasogeza kichwa pembeni, maana nilikuwa nimemkinga haoni.

Nikampigia Kaka palepale.

"Baba kaongea!"

"Mungu mkubwa! Kasema nini?"

"Kasema... mwongo."

"Nani mwongo?"

"Mtu wa kwenye tivii."

"Taarifa ya habari?"

"Hapana. Kipindi fulani."

"Kipindi gani?"

Nikakitaja. Nikaiangalia simu kama haijakatika.

"Mdogo wangu," Kaka akasema taratibu, "wewe huko unalala vizuri kweli?"

Hakuniamini. Alimtuma mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, binti mmoja mpole mwenye kadi za picha. "Shikamoo mzee. Hiki tunakiitaje?" Picha ya kikombe. Baba kimya. Picha ya kiatu. Kimya. Baba alizitazama zile kadi kama vielelezo vya kesi isiyo na kichwa wala miguu, kisha akafumba macho. Yule binti akampa Kaka taarifa kwamba mgonjwa haongei.

Lakini alasiri ikifika, tukibaki wawili, maneno yanakuja. Yamekatika katika, yanakokotwa, ila yanakuja.

"Huyo... anajipendekeza."

"Huyu... hana... shahidi."

Matangazo yakianza namdaka haraka. "Baba, mkono unauma?" Mdomo unafungwa kama duka. Nikamjaribu siku moja kwa njia nyingine. "Baba, hivi unadhani maziwa kayanywa nani?"

Akafikiri. Akafikiri kweli kweli, uso umekunjamana.

"Yule... mpole."

Na kweli, wiki ile ile ikaonekana kwenye kipindi ni yule kijana mpole.

Hapo ndipo nikamwelewa. Mzee wangu maisha yake yote hajawahi kuacha sentensi njiani. Nikimuuliza habari za ugonjwa, kila neno litakalovunjika linamvua nguo mbele ya mwanawe. Lakini kwa wale vijana wanaopayuka kutwa nzima, aibu ya nini? Pale hata yeye alikuwa na ruhusa ya kuongea hovyo. Iliniuma kujua hivyo, na ilinifurahisha pia.

Halafu Kaka akapiga simu.

"Jumapili nakuja tufanye kikao. Nataka Baba ahamie kwangu. Hiyo nyumba tuipangishe."

"Kaka, ukimtoa hapa atanyauka! Kiti chake, dirisha lake, majirani zake..."

"Hawezi kuamua, haongei."

"Anaongea!"

"Na watu wa kwenye tivii! Sikiliza. Akiniambia mimi kwa mdomo wake kwamba anataka kubaki, sina neno. Sawa?"

"Sawa."

"Na wewe je? Shemeji anasemaje umekaa huko muda wote huu?"

"Hana shida," nikasema, nikaenda kufuta meza.

Wiki ile nilikuwa kama nimekalia misumari. "Baba, sema 'nakaa hapa.' Maneno mawili tu, Baba, nakuomba." Kimya. Nikampikia anavyopenda. Kimya. Nikamtishia kumzimia tivii, akanitazama mpaka nikaona haya, nikaiacha.

Siku moja nikiwa jikoni nilimwona kupitia mlangoni anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Alianza cha chini, akapanda mdogo mdogo, akakosea kimoja, akarudia. Nilingoja amalize. Kisha nikaingia nikavifungua vyote na kumfunga upya, vizuri zaidi.

Jioni yake mume wangu akapiga. "Bosi wako kaniuliza kama bado unaitaka kazi."

"Mwambie Baba yuko hoi. Hata kifungo hawezi kufunga."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kiti cha Baba. Alikuwa ananiangalia.

Jumapili Kaka akafika. Akaweka simu kifudifudi juu ya meza, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu anunue simu. Akavuta kiti mbele ya Baba.

"Baba, nataka uje ukae kwangu. Wajukuu wako wanakungoja. Unakuja, au unabaki hapa?"

Kimya.

"Baba, unanisikia? Niambie tu."

Kimya. Mimi nyuma ya Kaka nilikuwa nimekunja mikono kifuani, midomo inamtamkia Baba yale maneno bila sauti.

Kaka akashusha pumzi. "Umeona mwenyewe, mdogo wangu. Tusidanganyane."

Nikachukua rimoti nikawasha tivii.

"We una akili kweli? Tuko kwenye kikao!"

"Subiri tu, Kaka, nakuomba!"

Kwenye tivii Kucha Ndefu alikuwa kwenye kiti chekundu, analia, jina limemkwama kooni. Baba akainama mbele. Kaka akaninyang'anya rimoti, akazima.

Baba alikitazama kile kioo cheusi. Kisha akamgeukia Kaka, na nikaona kidevu chake kinatafuta njia.

"Mimi... nakaa... hapa."

Rimoti ikamponyoka Kaka. Mimi nilipiga kelele, nikaruka, nikazunguka meza nikicheza. "Si nilikwambia! Nilikwambia mimi! Ukaniona kichaa!" Kaka alikuwa kashika paji la uso, machozi yanamtoka, anacheka.

Baba akainua mkono wa kushoto.

Mkono ule ukiinuka, hata tungekuwa wakubwa vipi, tunakaa. Tukakaa.

"Ninayemtoa..." Baba akaanza.

Tulivunjika mbavu. Kaka karibu aanguke. "Mzee wangu naye! Haya, unamtoa nani? Unanitoa mimi, eti?"

Kidole kikainuka. Kikampita Kaka, kikaja kikasimama kwangu.

"Wewe."

Nikaendelea kucheka kidogo, peke yangu. "Mimi tena, Baba? Nimekosa nini?"

"Una... kwako."

"Baba, nani atakutunza? Nani atakufunga..."

"Nafunga... mwenyewe." Akavuta pumzi. Akaukamata mkono wa kiti. Na sentensi iliyofuata aliitoa nzima, haikukatika popote.

"Hukuja kuniuguza, umejificha kwangu."

Kaka akaangalia chini. Mimi nilikasirika, jamani, nilikasirika kweli kweli. Mtu namlisha, namuogesha, namtetea asihamishwe kama kabati, neno lake la kwanza kunihusu ni kunifukuza! Nikaingia chumbani nikabamiza mlango. Nikakaa kitandani. Hasira ilipopungua, nilikuta chini yake hakuna hoja hata moja.

Maana kuna jambo sikuwaambia. Mimi na mume wangu hatukugombana. Hakunipiga, hakuwa na mwanamke wa nje. Siku moja tu tuliacha kuongea mambo yasiyo ya lazima, na hakuna aliyeanza tena. Ikabaki "umeme umeisha" na "chakula kipo." Kiharusi cha Baba kilipotokea, kabla hata sijaogopa, kuna sehemu moja ndani yangu iliona mlango wa kutokea. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Baba alilisoma kwenye sauti yangu ya simu, jioni baada ya jioni, hana mdomo wa kuuliza kaswali kake.

Kaka akatafuta muuguzi wa kuja kila asubuhi. Nikafunga begi. Mlangoni Baba alinishika kichwa kwa mkono wa kushoto, hakusema kitu, na safari hii sikumlazimisha.

Mume wangu alinifungulia mlango bisibisi mkononi. "Karibu," akasema, kama unavyomwambia mgeni. Likanichoma.

Nikakaa bila kuvua viatu. "Sikuwa nauguza tu," nikamwambia. "Nilikukimbia. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza, nikashindwa."

Aligeuza ile bisibisi mkononi muda mrefu.

"Unajua kwa nini nilikuwa nachelewa karakana?" akasema mwisho. "Nilikuwa nazifungua tena friji zilizokwisha pona. Nazifungua, nazifunga. Ili nisirudi."

Nikamuuliza swali la kwanza lililonijia, la kijinga kabisa: wenye hizo friji hawakushangaa? Akaanza kunieleza. Mama mmoja alilipia gasi ambayo haikuhitajika, akarudi kushukuru. Nikacheka, naye akacheka, kidogo. Sisemi tumepona. Nasema siku ile tuliongea mpaka chakula kikapoa.

Jumba bado naangalia, sitawadanganya. Kaka naye siku hizi ananitumia ujumbe kuniuliza nani katoka, anasema eti ni kwa ajili ya Baba.

Lakini ndugu yangu unayesoma hapa, ukijikuta unajua siri za watu usiowajua kuliko unavyomjua mnayelala naye kitanda kimoja, inuka hapo kwenye zulia ukamuulize kitu. Usianze na lile swali kubwa, hilo litamfunga mdomo. Muulize upuuzi wowote, halafu kaa umsikilize.