Vitabu vya Cherehani ya Mama

Enzi zetu kitabu hakikuwa na jina. Wala mwandishi. Kilikuwa na kitambaa. Ukitaka kuazima ulisema, "Nipe kile cha maua mekundu," au "kile cha pazia la kijani," na mwenzako alijua unachokitaka. Ndiyo maana Zulfa, binti wa kaka yangu Sadiki, alipoketi sebuleni kwangu hapa Tororo na simu mkononi, akaniambia kikundi chao cha wasomaji kinaomba niwapendekezee vitabu vya kila aina, vya mapenzi, vya upelelezi, vya historia, vya kutisha, hata vya mapishi, nilibaki nimekodoa macho. Mimi huyu, ambaye mtaa mzima unanijua kwa kusoma! Nimesoma tangu nina meno ya utoto, lakini niulize jina la kitabu kimoja cha siku hizo, sina.

Wenzangu mliokulia Busia miaka ile mtanielewa. Hawa watoto wa leo inabidi niwaeleze polepole, maana wao kitabu kinawajia kwenye simu kikiwa kizima, na wanakipa nyota kabla hawajafika katikati. Zulfa anaweza kukuambia mwisho wa kitabu ambacho hajakigusa. Nikimuuliza raha iko wapi, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Siku zile malori yalipanga foleni mpakani yakingoja karatasi zigongwe mihuri, na dereva asiye na la kufanya hutafuta kitabu. Kitabu kimoja, madereva wawili. Basi walikuwa wakikikata katikati kwa kisu, kama mkate, huyu anaanza na nusu ya mbele, yule aliyekwisha kuisoma anaendelea na ya nyuma. Foleni ikisogea na mmoja akaitwa avuke, kila mtu huondoka na nusu yake. Nusu nyingi ziliishia barazani kwetu, kwa kuwa Mama alikuwa fundi cherehani na madereva walimletea suruali za kutiwa viraka. "Mama Sadiki, hii kitabu nimemaliza, peana kwa watoto," wangesema, na Mama hupokea kwa mikono miwili.

Mama alizaliwa Mumias, akaolewa Busia upande huu wa Uganda. Msahafu aliusoma mpaka watu wakanyamaza, lakini hizi herufi za shuleni hakuzijua. Kwa hiyo alichukua nusu moja, akatafuta nyingine yenye kimo kile kile na unene ule ule, akazitoboa kwa shazia, ile sindano nene, akazishona kwa uzi wa magunia, kisha akazivika jalada la kitambaa kilichobaki kwenye kazi za wateja. Akakigonga kitabu gotini na kusema, "Haya, kimepona."

Ala! Kimepona! Kile cha pazia la kijani kilianza na ufugaji bora wa kuku, namna ya kujenga banda na kutambua ugonjwa wa mdondo, halafu ghafla, ukigeuza ukurasa tu, maiti inafumbua macho na kuomba maji. Mpaka leo nikimwona kuku kafumba macho mchana kweupe, mimi huyo naondoka. Cha maua mekundu kilikuwa historia ya vita vya wafalme. Majeshi yakavuka mto alfajiri, yakapiga kambi, na ukurasa uliofuata askari wakaambiwa waachwe kwenye moto mdogo mpaka vitunguu viwe vya kahawia. Sadiki alilia kwa ajili ya wale askari. Kuna kimoja Mama alikishona upande wa kulia kama msahafu, basi tukazika watu kwanza ndipo wakazaliwa.

Tulisoma baada ya alasiri. Wenzetu walikuja kutoka kwenye mchezo wa mpira wa kwepena wamelowa jasho, vumbi limewaganda shingoni, na Mama hakumruhusu mtu kushika kitabu kabla hajanawa. Kulikuwa na karanga za Mukuju zilizokaangwa kwa mchanga, muhogo wa kuchoma, na chai ya tangawizi ambayo leo siipati popote, hata nikipika mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Kanyagio la cherehani likienda taka-taka-taka, nikishusha sauti Mama anang'aka, "We Hadija! Soma kwa sauti, na mimi nina masikio." Palipo na maneno matamu cherehani ilisimama, na mteja mwenye haraka alijuta.

Baba naye alikuwa dereva. Mwaka mmoja aliondoka na lori la chumvi kwenda Juba, akasema atarudi kabla ya mfungo. Mfungo ukaingia, Idi ikapita, na mfungo mwingine ukaingia. Sisi watoto tukisikia honi inayofanana na yake tulitoka mbio mpaka barabarani, tukarudi polepole. Tulimuuliza Mama kila jioni, naye alijibu neno moja tu, "Yuko njiani," akaendelea kushona.

Ndipo kilipoingia kitabu cha khaki, kilichovikwa kipande cha kaptura ya shule. Sijapenda kitabu kingine namna hiyo maishani, na Mungu anisamehe kwa vyote nilivyosoma baadaye. Alikuwamo mpelelezi mmoja, Inspekta Songoro, mtu mpole, mvivu wa kunyoa ndevu, anayemtafuta aliyemtilia sumu tajiri wa kahawa. Anahangaika mji mzima, anakula kwa deni hotelini, anatukanwa na mkubwa wake, mpaka usiku mmoja anafika kwenye nyumba yenye taa moja. "Inspekta akasukuma mlango." Unageuza ukurasa, na kumepambazuka, mwalimu kijana anayeitwa Daudi amekaa kwa watu anakunywa uji, anamtazama binti wa nyumba hiyo, Rehema, na baba yake Rehema hamtaki.

Sadiki aliruka. "Inspekta kaenda wapi?"

Mama hakuinua hata uso. "Si ndiye huyo? Kabadilisha jina. Amejificha kidogo, mambo yakitulia atajisema."

"Na huyo mzee anamkatalia nini?"

"Kwa nini asimkatalie? Yeye ndiye aliyetia sumu, anaogopa."

Lo! Kila kitu kikakaa mahali pake. Tulisoma nusu ile ya pili kwa jicho la upelelezi, kwa kila kikombe cha chai alichopewa Daudi tulishika roho mkononi. Mwishowe mzee akalegea, harusi ikafungwa, ngoma zikapigwa, na hakuna aliyekamatwa. Nikamuuliza Mama, mbona hakumtia pingu? Akanishangaa. "Umtie pingu baba mkwe wako? Na mahari umekwisha toa?" Tulikisoma kitabu hicho mpaka khaki ikachanika, na kila tulipofika kwenye mlango Sadiki aliniminya mkono, naye Mama husema, "Anatoka, anatoka, geuza."

Hivyo vitabu vingine niligundua kuwa ni vya kuungwa nilipofika sekondari, mimi na Sadiki tukacheka mpaka tukalia. Lakini cha khaki, wallahi, sikukitilia shaka hata siku moja. Kwa hiyo Zulfa aliponibana nilimwambia, waandikie wenzako hicho kwanza. Ni cha upelelezi na cha mapenzi humo humo, wataokoa muda. Nikamsimulia mwanzo hadi mwisho. Akatafuta siku kadhaa, akarudi amechoka.

"Shangazi, hiyo kitabu haiko."

"Haiko vipi nami nimeisoma?"

"Kuna moja ya Inspekta Songoro, lakini haina Daudi, haina harusi. Hiyo ya harusi nayo labda ni kitabu ingine kabisa. Ama uliota?"

Nilimkaripia. Halafu nikaenda jikoni nikasimama, sijui nilichofuata. Mtu mzima, ninao wajukuu, ndiyo kwanza nang'amua kwamba kitabu nilichokipenda kuliko vyote hakipo duniani. Vile vingine vyote nilikubali ni viraka. Hiki mbona nilikimeza? Nilijaribu kumwona Inspekta bila Daudi, nikashindwa. Kwangu walikuwa na uso mmoja na ndevu zile zile.

Zulfa, kwa wema wake, akaagiza hicho cha Inspekta kwa muuza vitabu vya mitumba upande wa Kenya. Kilipofika nilikijua kwa sentensi ya kwanza, nikajifungia chumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango. "Inspekta akasukuma mlango." Nikageuza ukurasa. Risasi ilimpata kifuani. Akafia pale pale kizingitini, bila neno, na kurasa zote zilizobaki ni za msaidizi wake anayemtafuta muuaji. Nililia, jamani. Niliona haya kulia, lakini nililia.

Taabu ikawa Mama. Anaishi nami siku hizi, macho yameingia giza, lakini masikio yake yako pale pale barazani Busia. Alimsikia Zulfa akisema kitabu cha Songoro kimepatikana, na tangu hapo hatulali. "Hadija, kile cha khaki. Nisomee kabla sijaondoka." Jambo la kwanza aliloniomba tangu ahamie kwangu. Hata sukari haombi.

Sasa ningefanya nini? Zulfa alisema nimsomee tu vile kilivyo, kitabu ni kitabu. Nikamwambia wewe hujui. Hajui kwamba Baba hakurudi mpaka leo, hatukupata barua wala lori wala kaburi. Hajui kwamba katika nyumba yetu mtu akisema "marehemu" akimtaja Baba, Mama aliinuka akaondoka. Nami nimwambie mama huyo kwamba aliyesukuma mlango hakutoka? Nikaamua nitamdanganya. Nitasoma mpaka mlangoni, kisha nitasimulia harusi kutoka kichwani huku nikigeuza kurasa, yeye haoni.

Tulianza baada ya alasiri, kama zamani. Nilimwekea karanga. Alitabasamu kwenye deni la hoteli, akamlaani yule mkubwa wa Inspekta. Tukafika kwenye nyumba yenye taa moja. Nikasoma mlango ukasukumwa, nikageuza ukurasa kwa kishindo ili asikie, nikasema, "Asubuhi ilipofika, Mwalimu Daudi alikuwa ameketi akinywa uji..."

"Hadija."

"Labeka, Mama."

"Hapo anakufa."

Nikarudisha ukurasa nyuma mpaka mlangoni.

"Dereva aliyekileta alinihadithia chote wakati namtilia kiraka," akasema, taratibu tu, anatafuna karanga. "Nusu ya pili nilikuwa nayo. Aliniletea zote mbili. Niliiwashia jiko. Nikatafuta nyingine yenye kimo chake, nikamwambia dereva anisomee kidogo nijue kama kuna watu wanaoana."

"Mama, ulijua?"

"Baba yenu hajaonekana, nanyi kila jioni mnakimbilia barabarani. Ningewashonea mtu wa kufia mlangoni?"

Nilitaka kumuuliza habari ya kuku na maiti, na ya askari na vitunguu, kama navyo alivijua au alikosea tu, au alivishona ovyo makusudi ili hiki kimoja kisijulikane. Mpaka sasa sijui, na nimeogopa kuuliza.

"Sasa kisome vile kilivyo," akasema. "Mmekwisha kuwa wakubwa. Na mimi pia."

Nikasoma. Nilisoma risasi, nikasoma kizingiti, nikasoma walivyomfunika kwa shuka ya jirani na yule msaidizi alivyoketi chini akashika kofia yake. Mama aliacha kutafuna. Zulfa alikuwa amesimama mlangoni kwetu na simu yake imezima mkononi, sijui aliingia saa ngapi. Nilimtazama nikawaza, wanangu, nyinyi mna bahati, kitabu mnakipata chote, mwanzo wake na mwisho wake, na hakuna wa kuwaficha. Sisi wa baraza zile tulipewa mwisho na mtu aliyetupenda, na maisha yangu yote nimeungoja mwisho huo katika kila kitabu, siupati. Sijui nani kati yetu kasoma vizuri zaidi. Nikamwambia Zulfa awaandikie wenzake jina lililo juu ya jalada, basi, mimi sina pendekezo jingine.

Nilipofunga kitabu nilidhani Mama amesinzia. Halafu akanyoosha mkono, akaupapasa uso wangu mpaka akaupata.

"Mpigie Sadiki simu," akasema. "Mwambie Ijumaa aje na watoto. Tumsomee baba yenu hitima."